Mnyama Haonyeshwi Kisu

Jamani, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi, kila nikikaa barazani na kikombe changu cha kahawa, mmoja wenu ananianza, "Ehe, Shabani, tupe habari za Ulaya," na kabla sijafika hata Dar es Salaam mwingine ananikatiza kuuliza kama ni kweli huko mbwa huvalishwa makoti. Ni kweli, nimewaona. Sasa nimekaa chini nimeandika yote. Mwalimu Kombo atawasomea, na atakayemkatiza atoke nje.

Kwa wasionijua: mimi ni mchinjaji, hapa Tanga. Miaka arobaini nimechinja mbuzi na ng'ombe wa harusi, wa hitima na wa Idi, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa nyama ya Shabani ngumu. Mnyama akiogopa nyama hukaza. Siri yangu ni moja: mnyama haonyeshwi kisu. Hunoi mbele yake, wala humchinji mwenzake naye anatazama. Unampa maji, unampapasa shingo, unamsemesha kama mtoto, unamlaza taratibu kuelekea kibla, na kisu kiko nyuma ya mgongo wako mpaka dakika ya mwisho. Ndivyo alivyonifundisha marehemu baba, na dini yenyewe inataka upole huo. Likumbukeni hili, maana ndilo lililonipeleka puta huko London.

Nilikwenda kwa jambo moja tu. Mke wangu Mwanasha ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, na la kulia daktari kasema halina muda. Mtoto wetu ni mmoja, Nasoro. Aliondoka hapa ana miaka kumi na miwili kwenda kukaa na dada yangu Zaina, na kwa miaka ishirini na miwili hajakanyaga tena Tanga. Kila akiambiwa njoo, ana kazi. Mwanasha akaniambia, "Sauti yake ninayo kwenye simu. Mimi nataka sura yake, Shabani. Nenda kamlete kabla sijaingia gizani." Akapika visheti, akavijaza kwenye kopo la bati, akalifunga kwa kipande cha kanga. "Hivi ni vya Nasoro," akasema. "Usivionje."

Tanga hadi jangwani

Basi letu lilikufa Mkata. Utingo akatwambia dakika kumi, na dakika zake kumi zikawa saa tatu. Nilimpa maneno ambayo Mwalimu Kombo hatayasoma. Abiria mmoja akanichekea, "Mzee, Ulaya haihami." Nilifika uwanja wa ndege natweta, kopo kwapani, nikapanda nikiwa wa mwisho kabisa.

Tukashuka kubadilisha ndege katika nchi moja ya jangwani, na huko tukaambiwa kuna ukungu. Ukungu jangwani! Saa nane tumekaa kwenye viti vya chuma. Pembeni yangu alikaa mtawa mmoja wa Kikatoliki, mama mtu mzima kutoka Songea, jina lake Sista Yudita. Tulipopewa chakula mimi nikakisukuma kando kwa kuwa sikujua nyama ile kachinja nani. Yule mama akainuka bila kuulizwa, akaenda mpaka kwa mpishi, akarudi. "Kula, baba. Mpishi mwenyewe anaitwa Yusufu, na amekasirika kwa kuulizwa." Akaniongezea na mayai yake mawili ya kuchemsha. Tangu hapo tukawa kama watu wa nyumba moja.

Aliposikia kazi yangu akatikisa kichwa. "Mimi mchinjaji ananikumbusha Abrahamu. Huwa namwonea huruma sana yule mtoto Isaka."

"Isaka wa wapi? Yule ni Ismaili."

"Kwenu Ismaili, kwetu Isaka. Tusigombane, ndege yenyewe haijaja." Akacheka. "Kwetu mtoto alibebeshwa kuni, akapanda mlima na baba yake. Njiani akauliza, baba, moto upo, kuni zipo, kondoo yuko wapi? Na baba akamjibu kwamba Mungu atampata kondoo."

"Alimficha?"

"Alimficha, maskini. Mtoto akaenda hajui."

Hapo nikavimba kichwa. Nikamwambia, "Kwetu si hivyo, Sista. Nabii Ibrahimu alimwambia mwanawe waziwazi: nimeoteshwa nakuchinja, wewe waonaje? Na mtoto akaridhia kwa mdomo wake. Nabii hawezi kumficha mtoto jambo kama hilo."

Sista Yudita alinitazama kidogo, akanimenyea yai la pili. "Basi wa kwenu alikuwa na bahati," akasema. Mimi nikaona nimeshinda, nikalala usingizi mzito mpaka ukungu ulipoondoka.

Barking, siku nne za shifti

Uwanjani London nilimkuta Zaina peke yake. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya kwa ajili ya Nasoro, na juu yake sweta, koti, na shali ya Mwanasha, nimekuwa kama mzigo wa mitumba. "Nasoro yuko wapi?" "Ana shifti, kaka." Sawa, nikasema, mtu na kazi yake.

Zaina anakaa Barking, mashariki ya mji, kwenye flati ya ghorofa ya tano, na kazi yake ni kuwatunza wazee wa Kizungu majumbani mwao. Anawaogesha, anawalisha, kisha anarudi nyumbani kunipikia mimi, mzee mwingine. Alinipikia wali wa nazi ya kopo na mchuzi wa kuku. Nilikula nikasifu, ingawa nazi ya kopo haijawahi kuwa nazi. Lakini visu vyake, mama yangu! Havikati hata siagi. Siku ya kwanza nikavinoa vyote kwenye kitako cha sahani, kwa kukosa la kufanya.

Siku ya pili Nasoro akapiga simu. "Shikamoo, Baba. Umefika salama? Niko shifti." Siku ya tatu, shifti. Siku ya nne mkasi nao nilikuwa nimeshaunoa. Zaina akanitazama, akaweka mikono kiunoni.

"Kaka, wewe unamwogopa?"

"Mimi? Nimwogope niliyemzaa?"

"Basi yeye anakuogopa wewe. Hapa kwangu huja kila Jumapili, na Jumapili hii amesema ana shifti. Mfuate kazini."

Sasa, hapa barazani nimewaambieni miaka mingi kwamba Nasoro ana cheo katika jumba kubwa katikati ya mji. Nyinyi mkawa mnamwita Mkurugenzi. Zaina akanieleza huku anaosha vyombo: ni jumba la picha za kale, na kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kuangalia watu wasiziguse picha. Nilishtuka nikakaa chini. "Mlinzi?" "Mlinzi, kaka. Na kazi anaipenda. Una neno?"

Chini ya ardhi

Zaina aliniandikia kikaratasi: panda hapa, shuka pale, badilisha hapa. Nilipoingia kwenye treni ile inayopita chini ya ardhi nikakaa, kopo la visheti mapajani, nikashangaa ukimya. Watu mia kwenye behewa moja na hakuna anayemsalimu mwenzake. Nilimwambia jirani yangu asalaam aleikum, akahama kiti. Kwa mshangao huo nikapitiliza kituo changu, na mbele yake kingine, na kingine.

Nikashuka mahali nisipopajua. Nikamwendea mzee mmoja Singasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, nikamwonyesha kikaratasi na kujikaza kwa Kiingereza changu cha darasa la nne. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Wewe toka wapi, mzee? Sema Kiswahili tu, mimi zaliwa Kisumu."

Wallahi nilitaka kumkumbatia! Alikuwa na duka la vitambaa, akanieleza, na sasa amewaachia watoto, yeye anatembea tu. "Watoto yangu nasikia Kiswahili lakini hapana jibu," akasema. "Leo mimi nimepata mtu ya kuongea." Akakataa kunielekeza kwa mdomo. Alipanda treni pamoja nami, akanirudisha, akanifikisha mpaka ngazi za jumba lenyewe, njia nzima akiniuliza kuhusu mahamri. Nilipomwambia mimi nakuja kumchukua mwanangu nirudi naye nyumbani, aliuliza, "Yeye najua?" Nikamjibu, "Atajua nikifika." Mzee yule akakuna ndevu, akanitakia heri.

Vyumba vya damu

Mlangoni wakataka kufungua kopo. Nikafungua mwenyewe, nikamwambia yule dada wa usalama ale kimoja ahakikishe si sumu. Alicheka, akakataa, akanipitisha.

Jamani, mimi nilidhani nitaona picha za milima na maua. Lahaula! Chumba cha kwanza kile nilichoingia, uso kwa uso na kichwa cha binadamu juu ya sinia. Kichwa kimekatwa, midomo imelegea, na msichana amelishikilia lile sinia kama anapeleka wali wa shughuli, ila uso kageuzia pembeni. Nilirudi nyuma nikamkanyaga Mzungu. Pembeni kuna kibao, na binti mmoja mwanafunzi, kutoka Mombasa, aliyenisikia nikisema astaghfirullah, akaja kunisomea: ni Yahya, nabii Yahya mwana wa Zakaria. Nikafumba macho. Sisi Waislamu hatuwachori manabii, sembuse kuwachora hivi.

Nilipofumbua macho nikaangukia picha mbaya zaidi. Mwanamke kakunja mikono ya gauni kama anayekanda unga, kamshika mwanamume nywele, na upanga umeshaingia nusu ya shingo. Damu imeruka mpaka kwenye shuka. Binti akasoma: mwanamke anaitwa Yudithi, yumo katika Biblia, alimuua jemadari wa maadui. Nikamkumbuka Sista wangu na mayai yake, nikasema kimoyomoyo, kumbe jina lenyewe ni hili! Nikasogea kuitazama damu, na hapo ndipo mwili uliponisisimka. Damu ile ilikuwa sawa. Mimi nimeona damu maisha yangu yote, najua inavyoruka na inavyomwagika, na huyo mchoraji, ambaye binti alisema ni Mtaliano wa miaka mia nne iliyopita, alikuwa anajua. Binti akaniambia wachoraji wa wakati ule walitaka hivyo hasa, mtu akiingia kanisani aone jambo kama linatokea mbele yake, ashtuke, aamini. Walichora giza tupu, kisha mwanga mmoja wa pembeni, kama mtu kamulika tochi ghafla chumbani. Nikamshukuru, akaenda zake.

Nikaingia chumba cha mwisho, na humo nikaiona.

Mzee mwenye ndevu kasimama. Mkono wa kushoto amemkaba mtoto wa kiume shingoni, kamgandamiza kichwa juu ya jiwe, kidole gumba kimezama shavuni. Mkono wa kulia una kisu, na kisu chenyewe kiko mbele ya macho ya mtoto, karibu kabisa, mwanga unapiga kwenye makali. Na mtoto anapiga kelele. Mdomo wazi, meno yanaonekana, jicho moja linakutazama wewe uliyesimama pale. Nyuma yupo malaika anamdaka mzee mkono, na kondoo amechungulia. Sikuhitaji kusomewa kibao.

Nilisahau kwamba ni nabii. Nilisahau kwamba ni picha. Niliona mtu anachinja vibaya, basi, na kilichonitoka kilikuwa kile ninachowapigia kelele vijana wa machinjioni kila siku ya Mungu.

"Ficha kisu!" nikasema. "We mzee, ficha kisu! Unamwonyesha wa nini?"

Nikavuka kamba iliyowekwa mbele ya picha, mkono nimeunyoosha. King'ora kikalia. Watu wote wakageuka, watoto wa shule waliokaa chini na madaftari wakaacha midomo wazi, na mlinzi akaja mbio akiniambia kwa Kiingereza nirudi nyuma, tafadhali, bwana, rudi nyuma.

Nikageuka. Ana uso wa Mwanasha. Macho yale yale, paji lile lile, na mvi mbili tatu ambazo sikuzitarajia.

"Baba," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekuwa mkubwa." Miaka ishirini na miwili, na hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Picha ya Nasoro

Alizima king'ora, akawaambia wenzake kitu, akanikalisha kwenye benchi mbele ya picha ile ile. Mimi kwa aibu nikaanza kusema ovyo, mnanijua. Nikamfundisha kazi. "Tazama mwenyewe, Nasoro. Huyu hajui kuchinja. Kisu kinamkaa mtoto machoni, atakosaje kulia? Ningekuwa mimi ningempapasa, ningemsemesha, ningemlaza taratibu, kisu kiko mgongoni. Asingejua kitu."

"Najua, Baba," Nasoro akasema. "Ndivyo ulivyonifanya mimi."

Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni chumba. Mimi nilihisi mtu kanipiga na mpini wa shoka kifuani.

Nisikilizeni sasa, maana hili hakuna kati yenu anayelijua. Nasoro hakuwa mtoto wa bucha. Akiona damu anazirai. Nikaona hapa hatakuwa mtu, Zaina hana mtoto, aende akasome huko. Lakini nilijua akiambiwa atalia, na mama yake atalia zaidi, na mimi machozi siyawezi. Basi nikafanya ninavyojua. Nikamwambia unakwenda kumtembelea shangazi, wiki mbili, likizo. Nikamwambia Mwanasha vile vile, wiki mbili. Siku ya safari nilimnunulia halua, nikampapasa shingo njia nzima mpaka Dar, nikamsemesha habari za ndege. Aliondoka anacheka. Akanipungia mkono. Nikarudi nimejisifu: mtoto hakulia.

Baada ya wiki mbili nilimpigia simu nikamwambia, "Utabaki huko. Mimi na mama yako tumeamua." Na Mwanasha nikamwambia, "Mtoto mwenyewe kakataa kurudi. Kapapenda."

Hivyo ndivyo nilivyofanya, enyi marafiki zangu. Na huko jangwani nilijigamba mbele ya mtawa wa watu kwamba Nabii wetu alimwambia mwanawe waziwazi. Alimwambia, ndiyo. Ni mimi sikumwambia wangu.

Nasoro alikuwa akiitazama picha, hanitazami mimi. "Miaka sita nimekaa chumba hiki," akasema. "Wenzangu huomba wahamishwe, wanasema huyu mtoto anawapa jinamizi. Mimi niliomba nibaki. Namwonea wivu, Baba. Yeye amekiona kisu. Amepata nafasi ya kupiga kelele, na kelele zake zimesikika. Mimi nilipojua, mlikuwa mmeshakata simu."

Nikashika lile kopo kwa mikono miwili.

"Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua kwenye picha hii," akaendelea. "Baba yupo. Malaika yupo. Mpaka kondoo yupo. Kila siku najiuliza, mama yake yuko wapi? Alikuwa wapi asubuhi ile? Alimfungia chakula huku anajua?" Hapo akanigeukia. "Wewe nilikusamehe zamani, wewe ni mchinjaji. Lakini Mama. Mama aliniamshaje siku ile, akanivisha shati, akanibusu, naye anajua?"

Hapo ndipo niliposhtuka kuliko vichwa vyote vya masinia. Miaka ishirini na miwili! Kila Ijumaa anampigia simu mama yake, hujambo, sijambo, afya, alhamdulillah, kwaheri. Nami nikidhani ni baridi ya Wazungu imemwingia. Kumbe mtoto anasubiri mama aseme neno, na mama naye anasubiri mtoto aseme neno, na kati yao nimesimama mimi na uongo wangu mmoja mkono huu na mwingine mkono huu.

"Hakujua," nikasema.

"Nini?"

"Mama yako hakujua. Nilimwambia wiki mbili. Kisha nikamwambia ni wewe uliyekataa kurudi. Mpaka leo ninavyokuambia hapa, anaamini ulimkataa."

Nasoro aliinuka. Nilidhani atanipiga, na angenipiga nisingeinua mkono. Alikwenda mpaka kwenye picha, akasimama mgongo kwangu, karibu mno, mpaka king'ora kikalia tena. Mlinzi wa chumba cha pili akachungulia, akamwona ni mwenzake, akaondoka. Watoto wa shule walikuwa wameshaondoka pia. Mabega ya mwanangu yalikuwa yanatikisika.

Aliporudi alikaa karibu yangu zaidi kuliko mwanzo. "Hiyo nini?" akauliza.

"Visheti. Kavipika mama yako. Mimi nimekatazwa hata kuonja."

Alifungua ile kanga polepole, akainusa. Humo ndani kula ni marufuku, kuna alama mlangoni, na yeye ndiye aliyewekwa kuwazuia watu. Akala. Akala kimoja, cha pili, cha tatu, makombo yanamwanguka kwenye sare, machozi yanateremka, mbele ya yule mtoto anayepiga kelele. Hakunipa hata kimoja, nami sikuomba.

"Nitakuja," akasema mwishoni. "Si kwa ajili yako. Lakini utangulie wewe umwambie, kwa mdomo wako. Sitaki nifike Mama aambiwe na mimi. Ukishamwambia, yeye mwenyewe anipigie simu. Simu isipokuja, siji."

Kurudi

Safari ya kurudi sina la kuwasimulia. Ndege haikuchelewa, basi halikuharibika, nami niliomba kila kitu kiharibike.

Nilifika nyumbani saa nne asubuhi. Mwanasha alikuwa kibarazani anachambua mchele kwa vidole, maana jicho lililobaki halimtoshi tena kwa kazi hiyo. Akasikia hatua za mtu mmoja. "Uko peke yako," akasema. Nikakaa chini sakafuni, si kwenye kiti, nikamwambia. Sikumpapasa, sikumsemesha maneno matamu. Nilianza na neno lenyewe: "Mwanasha, Nasoro hakukukataa. Mimi niliwadanganya wote wawili."

Akausukuma mchele kando. Kisha akasema, "Miaka yote hii namwuliza Mungu nilimkosea nini mwanangu." Akaomba simu. Nikambonyezea namba, akanipungia mkono niondoke. Nilikaa uani nikasikia kilio chake, na kwa mbali, kwenye spika ya simu, cha mwingine. Walilia mpaka adhuhuri.

Sasa mnajua kwa nini nalala chumba cha wageni, na kwa nini Mwanasha ananijibu kwa neno moja moja. Ana haki. Na mnajua kwa nini Nasoro anafika Jumamosi.

Mmekuwa mkiniuliza nitamchinjia mbuzi yupi, yule mweupe au yule wa Korogwe. Hakuna mbuzi. Nilimwuliza Mwanasha jana, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi akanijibu sentensi nzima. Alisema tutapika samaki. Akasema niweke meza pale mlangoni, penye mwanga ambao jicho lake bado linauona, nivitoe visu vyangu vyote alani nivipange juu yake, ili mwanangu akiingia avione vyote, ajue hakuna kilichofichwa.

Nimevipanga. Viko saba. Karibuni Jumamosi, na mkivikuta pale mlangoni, tafadhali msivifunike.